Nati Kwanza, Spana Baadaye

Ukiingia duka la vifaa Gerezani, Kariakoo, au kwenye barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ukasema unataka spana za kutengenezea gari lako mwenyewe, muuzaji atakushushia sanduku la plastiki lenye vipande mia na ushee, vyote vinang'aa, kila kimoja kimelala kwenye kitundu chake. Ukiigawa bei kwa idadi ya vipande utaona umepata kwa bei ya bure. Hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Siku ya kazi utashika kipande kimoja tu, na kazi itakwenda au itakwama kulingana na jinsi kipande hicho kinavyokaa juu ya nati iliyo mbele yako. Kwa hiyo ninachokuomba ni kugeuza mpangilio wa ununuzi: anza na gari, ujue nati zake, kisha fedha yako nzuri iende kwenye vipande vichache vinavyogusa nati hizo mara kwa mara. Vilivyobaki visubiri, au uvinunue vya bei ya chini bila wasiwasi.

Sababu yake ni kwamba spana mbovu huharibu nati kabla ya kuharibika yenyewe. Kichwa cha nati kina pande sita bapa na pembe sita. Spana inayoenea vizuri husukuma sehemu ya upana wa kila upande. Iliyolegea hujizungusha kidogo kabla ya kukamata, na ikikamata hukamata ncha za pembe peke yake. Nguvu ni ileile ya mkono wako, ila sasa yote imelundikana mahali pembamba, na chuma cha nati kwa kawaida ni laini kuliko chuma cha spana, basi pembe inakatika. Ukirudia mara mbili tatu nati imekuwa duara. Kazi iliyokuwa ya robo saa sasa inataka plaizi ya kubana, tindo, pengine mtu wa kuchomelea nati nyingine juu ya ile ili ipatikane sehemu ya kushika. Ikiwa ni boliti ya bomba la moshi iliyokula kutu, inaweza kukatikia ndani, ukaanza kutafuta keekee na fundi wa kutoboa. Gharama hiyo yote haikuandikwa kwenye risiti ya spana, lakini ilinunuliwa siku ileile.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wenye magari mapya. Kenya inaruhusu kuingiza gari lenye umri usiozidi miaka 8. Kwingine katika kanda yetu yanaingia hata ya zamani zaidi, na yakishafika yanatumika miaka mingine mingi. Baadhi yametoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula vyuma vya chini ya gari. Yanayoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja yanaongezewa hewa ya bahari. Nati ya gari la namna hiyo imeshafunguliwa na mikono mingi, pembe zake zimeanza kulainika, na thredi zake zina kutu. Inataka spana sahihi kuliko nati mpya inavyotaka.

Habari njema ni kwamba gari la Kijapani, ambalo ndilo gari la walio wengi hapa, halihitaji saizi nyingi. Kwenye magari hayo boliti yenye unene wa milimita 6 kwa kawaida huwa na kichwa cha 10, ya milimita 8 kichwa cha 12, ya milimita 10 kichwa cha 14, na ya milimita 12 kichwa cha 17. Ongeza 8 na 19, halafu 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi (Honda nyingi ni 19), na umeshamaliza sehemu kubwa mno ya gari. Kwenye Toyota ya kawaida, vibano vya betri ni 10, boliti ya kumwagia oili ni 14, boliti za kushika kalipa ya breki mara nyingi ni 14 na zile za mabano yake 17, na plagi za injini nyingi zinataka soketi ndefu ya 16 yenye mpira ndani wa kuishika plagi isianguke. Mwenye gari la Kijerumani orodha yake ni nyingine: atakutana sana na 13, 16 na 18, na vichwa vingi vyenye umbo la nyota ya ncha sita ambavyo gari la Kijapani halina kwa wingi. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye Volkswagen unaweza kukutia hasara wewe mwenye Probox. Kabla ya kwenda dukani, fungua boneti, inama uchungulie chini ya gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, na uandike saizi za kazi unazotarajia kuzifanya kweli: oili na filta, filta ya hewa, plagi, betri, breki pedi, magurudumu. Daftari hilo litakuokolea fedha nyingi.

Sasa rudi kwenye lile sanduku ukiwa na daftari mkononi. Sehemu ya vipande vyake ni vya inchi, na gari la Kijapani halina nati za inchi. Soketi ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, yaani ni kubwa kuliko 12 na ndogo kuliko 13. Ukiivalisha nati ya 12 kwa sababu "inaingia", umeanza kuila. Sehemu nyingine kubwa ni vichwa vidogo vya bisibisi, ambavyo huongeza idadi kwa gharama ndogo sana kwa kiwanda. Ukiondoa hivyo, na ukaondoa saizi usizokuwa nazo kwenye gari, utabaki na vipande visivyofika ishirini, na hivyo ndivyo ulivyolipia. Swali la haki ni kama fedha ileile isingekupatia vipande hivyo ishirini vikiwa bora mara mbili. Mara nyingi ingekupatia. (Mraba wa kuchomekea racheti ndio peke yake unaobaki kuwa wa inchi duniani kote: robo, tatu ya nane na nusu. Huo usikuchanganye.)

Umbo nalo lina maana kama saizi. Soketi, au boksi kama mafundi wengi wanavyoiita, zipo zenye pembe sita ndani na zenye pembe kumi na mbili. Chukua za sita. Za kumi na mbili zilikuwa na faida yake: unaweza kuivalisha nati kila baada ya nyuzi 30 badala ya 60, jambo linalosaidia penye nafasi finyu. Lakini soketi hushikwa na racheti, na racheti yenye meno 72 hukamata kila baada ya nyuzi 5, kwa hiyo faida hiyo imeshapatikana kwenye mpini. Kinachobaki kwa soketi ya pembe kumi na mbili ni udhaifu wake, kwamba inasukuma karibu zaidi na pembe za nati. Kwa spana ya ringi mambo ni tofauti, kwa kuwa haina racheti; hapo pembe kumi na mbili zinastahili. Spana ya mdomo wazi inagusa pande mbili tu kati ya sita, na mdomo wake unaweza kutanuka ukikazwa sana, basi itumie kuzungusha nati iliyokwisha kulegea, au mahali ambapo ringi haipiti. Spana yenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili ndiyo ununuzi wa busara: ringi ya kulegeza, mdomo wa kumalizia. Spana malaya ina kazi nyingi nyumbani kwenye mabomba na vitanda, na hata garini inafaa kushikilia kitu kisizunguke, lakini taya yake inayotembea haiwezi kukaza kama ringi. Isiwe ya kwanza kuguswa. Na kama utafanya kazi ya breki zaidi ya kubadilisha pedi, ipo spana maalumu ya mabomba ya breki, ringi iliyokatwa nafasi ndogo ya kupitisha bomba. Nati za mabomba hayo kwa magari ya Kijapani kwa kawaida ni 10, ni laini, na zikiharibika unabadilisha bomba zima. Kipande hicho kimoja ni cha kununua kabla ya kazi, kamwe si baada ya ajali.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami ni urefu wa mpini. Zipange spana za saizi tofauti mezani utaona kwamba ya 10 ni fupi na ya 17 ni ndefu. Kiwanda hakibani chuma. Urefu huo umewekwa ili mkono wa kawaida uikaze boliti ile kadiri inavyostahili na usipitilize sana. Boliti ndogo yenye kichwa cha 10 inataka takriban Nyutoni-mita 10. Kwa racheti ya nusu inchi yenye mpini wa sentimita 25, kiwango hicho kinafikiwa kwa kusukuma kama kilo 4 tu, uzito ambao mkono wa mtu mzima hauuhisi. Ndiyo maana boliti za vifuniko vya injini hukatika mikononi mwa watu wenye nia njema: wameshika mpini mkubwa kuliko boliti. Kwa mmiliki wa gari dogo, racheti ya kwanza iwe ya tatu ya nane. Inatosha kuanzia 8 hadi 17 na haina ukatili. Kwa nati za magurudumu na boliti nzito za breki nunua mpini mrefu wa nusu inchi usio na racheti, sentimita 45 au 60, pamoja na soketi zake mbili tatu. Mpini huo ni chuma kizima, hauna meno ya kuvunjika, na utakuepusha na ile desturi ya kuchomeka bomba la maji kwenye racheti ili kuongeza urefu. Bomba hilo huvunja meno ya racheti, na kipimo kile cha usalama alichokiweka aliyeiunda linakifuta.

Hapa fundi yeyote wa mtaani ana haki ya kuinuka na kusema kwamba yeye ana spana nane, nyundo na bisibisi moja, na magari yanatoka kwake yakitembea. Ni kweli, na heshima yake ni yake. Lakini tazama anachotumia badala ya vifaa. Ana mkono uliofungua maelfu ya nati. Anaihisi nati inayotaka kuteleza kabla haijateleza, anajua kuipiga nyundo kidogo kwanza, kuipa joto, kuirudisha mbele kabla ya kuivuta nyuma. Wewe unayefanya kazi hii mara nne kwa mwaka huna mkono huo, na hutaupata haraka. Spana inayoenea vizuri inakupa sehemu ya kile ambacho miaka imempa yeye. Tena fundi mwenye uchache wa vifaa huacha alama ambazo mwenye gari hazioni. Boliti ya oili iliyokazwa kupita kiasi haivuji leo, inavuja siku thredi za sampu zitakapokubali, na wakati huo gari liko kwa fundi mwingine. Nati nyingi za duara utakazozikuta kwenye gari lako la mitumba zimeachwa hivyo na mtu ambaye gari lilitoka kwake likitembea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu mfuko. Husemwa: nunua vya bei rahisi kwanza, kikivunjika ujue unakitumia, ndipo ununue kizuri. Kwa vitu vingi naukubali ushauri huo. Beseni la kumwagia oili, faneli, nyundo, tochi, brashi ya waya, mtaimbo mdogo wa kubandulia: chukua vya bei ndogo kabisa, havitakudhuru. Kwa vinavyogusa nati naukataa, kwa sababu umejengwa juu ya dhana kwamba hasara ikitokea itakuwa ya kifaa. Tumeona kwamba kinachotangulia kuharibika ni nati. Racheti ya bei rahisi ikiteleza meno ukiwa umeivuta kwa uzito wako wote, kinachoharibika ni vidole vyako. Na asiye na fedha nyingi ndiye anayepaswa kununua vichache vizuri. Mwezi huu soketi za 10, 12 na 14 na racheti yake, mwezi ujao spana za saizi hizohizo, baadaye 17, 19 na 21. Kununua kipande kimojakimoja kunawezekana katika masoko yetu kuliko katika maduka makubwa ya ng'ambo, na ni faida tusiyoitumia.

Lakini uzuri utaujuaje? Maandishi ya kromu na vanadi yaliyogongwa kwenye spana hayathibitishi kitu, kwa kuwa mwenye mashine ya kugonga anaweza kugonga chochote. Sumaku nayo hushika kila chuma cha namna hii, kizuri na kibaya. Ushahidi bora ni boliti yenyewe. Nenda dukani na boliti za vichwa vya 10, 12 na 14 mfukoni, zisizolika pembe, uvalishe kila soketi na kila spana. Iingie bila kulazimishwa, kisha ukiitikisa kushoto na kulia isicheze ila kidogo sana. Soketi mbili za jina moja katika sanduku moja zinaweza kutofautiana, basi usijaribu moja ukahukumu zote. Chungulia ndani: tundu liwe katikati, ukuta uwe na unene sawa pande zote, pembe ziwe kali. Mng'ao usiwe na malengelenge wala michirizi, maana utandu wa kromu ukibanduka kutu huingia na vibanzi vyake hukata ngozi. Zungusha racheti kwa kidole kimoja. Irudi nyuma kwa wepesi, na kitufe cha kubadilisha upande kisibadilike chenyewe. Namba ya saizi iwe imezama kwenye chuma, kwa kuwa iliyochapwa kwa rangi itafutika na oili. Kuhusu majina, Kyoto Tool na Koken za Japani, au Hazet, Gedore na Stahlwille za Ujerumani, ni za daraja la juu na bei yake ni ya juu. Kwa mwenye gari anayejitengenezea, vifaa vya King Tony na Toptul kutoka Taiwan, au Taparia kutoka India, vinatosha kabisa, mradi ni vyenyewe. Na usidharau spana ya zamani iliyotumika: chuma kilichofuliwa vizuri hakizeeki haraka, na spana ya Kijerumani au ya Kijapani iliyochakaa rangi, yenye mdomo usiotanuka, ni ununuzi bora kuliko mpya isiyojulikana. Jaribio la boliti halina upendeleo kati ya mpya na kuukuu.

Bisibisi ya nyota inastahili uangalifu wa peke yake. Skrubu nyingi za magari na pikipiki za Kijapani zinafanana kwa macho na zile zilizoenezwa na Mmarekani Henry Phillips miaka ya 1930, lakini shimo lake limekatwa kwa kipimo cha Kijapani, na mara nyingi kichwani kuna kitone kidogo kama alama. Bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini ya shimo hilo. Ukikaza inapanda na kutoka, na inatoka na kuta za shimo. Skrubu zinazoshika diski za breki kwenye magari ya Honda zimeumiza watu wengi kwa sababu hii. Bisibisi iliyotengenezwa kwa kipimo cha Kijapani, kama zile za Vessel, huzama kikamilifu, na hufanya kazi pia kwenye skrubu za kawaida. Mbili tu zinatosha, ya namba 2 na ya namba 3, na kwa mwenye bodaboda ningeziweka mbele ya soketi.

Spana ya torki wengi huiona anasa ya karakana kubwa. Fikiria nati ya gurudumu. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo chake ni Nyutoni-mita 103. Kwa mpini wa nusu mita hizo ni kama kilo 21 za kusukuma. Mtu wa kilo 70 akipanda kwa mguu juu ya wili spana ya urefu huo, anakaza zaidi ya mara tatu ya kipimo. Boliti za gurudumu huvutika, diski inaweza kupinda, na siku ya pancha njiani mwenye gari hawezi kuifungua kwa jeki na spana alivyo navyo. Torki moja ya nusu inchi inayofika 150 au 200 inatatua hilo. Kiwango cha kimataifa, ISO 6789, kinaruhusu kosa la asilimia 4 tu kwa torki za ukubwa huu, kwa hiyo tafuta yenye karatasi ya kupimwa kwake. Usiitumie kufungulia, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini ndipo uiweke. Boliti ya oili, ambayo kwa injini nyingi ndogo za Toyota haizidi sana Nyutoni-mita 40, na plagi, ambazo hukazwa kwa takriban 18 hadi 25 ndani ya aluminiamu, zinataka torki ndogo ya tatu ya nane. Hiyo inunuliwe baadaye. Kwa sasa mpini mfupi na mkono mtulivu vitakufikisha.

Kitu kimoja usikiweke kwenye foleni hiyo ya miezi, ingawa hakifungui nati yoyote. Kabla ya spana ya kwanza kutumika chini ya gari, uwe na stendi mbili za jeki zenye pini ya kufungia, za tani 2 au 3. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia gurudumu tu. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na mawe yaliyopangwa huteleza. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini, inua, weka stendi penye alama za kuinulia, shusha uzito juu yake, kisha litikise gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Likisogea hata kidogo, lishushe upange upya.